Siku Walizolificha Jina la Amuri

Mchana mmoja, mwanangu, mtoto aliniambia jambo ambalo mpaka leo halijatoka masikioni mwangu. Nakumbuka hata nilichokuwa nimeshika: mchi, nikitwanga sombe, majani ya muhogo. Keti hapa, na hiyo simu iweke chini. Umempokea mtoto wa marehemu dada yako, mtoto anayekunywa dawa asubuhi na jioni, na nasikia surua imeshaingia Salamabila. Kwa hiyo leo utanisikiliza mpaka mwisho, hata kama utaenda kusema kwamba mama huyu mzee amezidi maneno.

Nilikuwa bado kijana, nimeolewa Lusangi. Mume wangu alikuwa machimboni, akirudi nyumbani anapotaka yeye. Nilikaa na mama mkwe wangu, Mama Sifa, pamoja na wanangu wawili, Zawadi na Salumu, na mtoto wa tatu aliyeitwa Amuri. Amuri alikuwa wa dada yangu. Dada alikufa kwa SIDA, yaani UKIMWI, na mtoto naye alikuwa na virusi vile vile. Alikuwa ameanza dawa miezi michache tu kabla ya haya ninayokusimulia. Nilimpa mwenyewe, nyuma ya mlango uliofungwa, maana Mama Sifa hakutaka mtu yeyote ajue, hata muganga wa kituo cha afya cha pale kijijini. Dawa zenyewe nilizifuata Kasongo, nikiaga kwamba nakwenda sokoni.

Basi surua ikaja. Katika ukoo ule ilikuwa na heshima zake, na heshima hizo ziliniogopesha kuliko ugonjwa wenyewe. Haikutajwa. Iliitwa mgeni. Ikisikika tu kwamba iko nyumba ya jirani, Mama Sifa alitundika kitambaa chekundu mlangoni na kuyaficha majina ya watoto. Hakuna kumwita mtoto kwa jina lake, ndani wala nje, ili mgeni asijue amuulize nani. Wote wakawa "wewe". Fikiria nyumba yenye watoto watatu, na jina halisikiki kuanzia alfajiri mpaka watu walale. Hata kuku nilianza kuona kama wanakanyaga polepole.

Mtoto alirudishiwa jina pale surua ilipotoka, yaani vipele vilipojaa mwilini. Hapo mama mkwe alijipaka mafuta ya mawese kiganjani, akasimama kizingitini na kuliita jina kwa nguvu, na mtoto akaitikia kutoka ndani. Zawadi alitoka vipele kwanza, akaitwa, akaitikia. Salumu akafuata. Waliumwa sana wote wawili, lakini walijulikana wanaumwa nini, na tuliwauguza.

Amuri hakutoka kipele hata kimoja.

Mama Sifa alifurahi, akasema mgeni amempita huyu. Mimi pia sikuwa na shaka, maana dada yangu alikuwa amempeleka kuchanjwa angali mchanga, nami nilikuwapo siku hiyo alipolia. Alikuwa na homa kidogo na kikohozi, na macho mekundu, tukasema ni vumbi. Lakini jina lake halikurudishwa. Bila vipele hakukuwa na cha kumwitia, kwa hiyo wenzake walikuwa na majina na yeye akabaki "wewe". Mwanzoni alicheka. Baadaye akaacha kucheka, akahamia pembeni, pasipofika mwanga wa mlango. Zawadi aliniambia hataki kulala karibu naye, kwa kuwa anapumua kama kuna mtu mwingine anapumua ndani yake. Nilimkemea binti yangu. Kisha nikaenda kusikiliza mwenyewe, nikasikia hivyo hivyo.

Ndipo mchana ule. Jua lilikuwa kali, kijiji kizima kiko mashambani, na mchi wangu ndio peke yake uliosikika. Amuri akaniita kwa sauti ndogo. Nikaenda kuinama kwake.

"Mama," akasema, "kuko mutu ananiita kule nyuma ya nyumba. Anajua jina yangu."

Nilizunguka nyumba. Kulikuwa na migomba, na kamba ya nguo, na hapakuwa na mtu. Nakwambia kweli, mwanangu, niliogopa hata kugeuza kichwa. Niliporudi, mtoto alikuwa ameanza kuitikia. Midomo yake ilikuwa inasema, "Niko hapa, niko hapa," na macho yake hayakuwa kwangu.

Nilimwomba mama mkwe amrudishie jina, walau hilo. Alitikisa kichwa. "Kama vipele haviyatoka, jina haiwezi kurudi," akaniambia, akaenda kukikaza kitambaa chekundu mlangoni. Sikubishana. Nilimfunga Amuri mgongoni, nikasimamisha pikipiki iliyokuwa inatoka Kabambare, na njia nzima mpaka Kasongo nililiita jina lake sikioni mwake. Dereva alidhani nimerukwa na akili.

Hospitalini daktari alimvua shati, akatazama mbavu zinavyoingia ndani, akauliza ana ugonjwa gani mwingine. Nilinyamaza, kwa mazoea. Akauliza tena. Nikasema: virusi. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo mbele ya watu, na ajabu ni kwamba hakuna paa lililoanguka.

Nilimweleza na habari ya majina, na daktari hakunikaripia. Alinieleza taratibu kwamba mtoto mwenye virusi hivi anaweza kushikwa na surua isiyotoa vipele. Inabaki ndani na kushuka mapafuni, na nyumba nzima inangoja alama ambayo haitakuja. Na ile chanjo ya utotoni? Iliingia katika mwili ambao ulikuwa haujapata dawa, mwili dhaifu, na kinga yake haikushika au ilikwisha. Mtoto wa namna hiyo huchanjwa tena dawa zikishaujenga mwili wake. "Lakini nani angewaambia hivyo?" akauliza. "Mulimuficha mutoto kwa muganga vile mulificha jina yake kwa surua."

Siku ya pili Mama Sifa alifika kwa miguu, miguu imevimba. Alisimama kwenye mlango wa wodi, kiganja kinang'aa mawese. Aliita jina la Amuri mbele ya akina mama wote, bila kipele hata kimoja, akavunja desturi ya mama zake. Mtoto alikawia. Kisha akageuza shingo na kuitikia, na safari hii alikuwa anatutazama sisi.

Alipona, lakini jicho moja halikuona tena. Miezi ilipopita na dawa zikaushika mwili, muganga alituambia wakati umefika, tukamchanja tena. Surua imekuja na kupita mara kadhaa tangu hapo, haikumgusa. Leo anauza samaki Nyangwe, ana sauti ya kuvusha mto. Ila ukimwita kwa nyuma haitikii mpaka amwone anayemwita. Aliniuliza juzi tena ni nani aliyemwita mchana ule. Sijui. Najua tu kwamba sisi tulikuwa tumenyamaza.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Usingoje vipele. Mtoto wako akipata homa na kikohozi wakati surua imeingia, mpeleke. Dawa zake usizikatishe hata siku moja. Mwambie muganga bila kuficha kwamba ana virusi, kisha umuulize kama wakati wa kumchanja tena umefika. Usijiamulie, na usiseme alishachanjwa, inatosha. Mwite mtoto kwa jina lake na ugonjwa kwa jina lake.

Mungu akuwekee mtoto huyo mpaka akuzike yeye. Aitwe na walimu, aitwe na rafiki, aitwe siku ya ndoa yake. Na akiwa peke yake, mchana, akisikia jina lake nyuma ya nyumba, iwe ni wewe unayemwita.