Jiwe la Kibla

Baridi ile mjukuu wangu alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Minneapolis, nami nikikaa naye mtaa wa Cedar, ghorofa ya kumi na tisa. Mchana mmoja akaja na picha. Kaambiwa aandike historia ya mahali pa ibada palipobomoka.

"Bibi, unapajua hapa?"

Nisipajue vipi! Ni kimsikiti cha watu wa kale, nyuma ya kijiji chetu. Paa hakina, mizizi imezikumbatia kuta. Walioswali humo walikwenda wapi, hakuna ajuaye. Watu wetu walifukiza ubani mlangoni, ndani hawaingii.

Kwenye kibla pana shimo. Akanisomea alichoandika: palikuwa na jiwe la kuchonga, lina maandishi, likaibwa na Wazungu.

"Nani kakwambia?"

"Ah, Bibi! Si ndio wezi wa vitu vyetu?"

"Wezi ni wezi. Hili hawakuiba."

Akaniangalia, kalamu mkononi. Miaka arobaini nilikuwa nimenyamaza, hata mama yake sikumwambia. Nikisema, naye akiandika, watakuja watu na majembe. Nikinyamaza, mtoto atatia uongo kwenye karatasi yenye jina lake.

Nikasema. Mwanangu wa kwanza alikufa siku ya tano. Kwetu mtoto hupewa jina siku ya saba, yeye hakuifikia. Siku hizo nilikuwa sijui kusoma, lakini roho ilikataa alale bila hata herufi moja juu yake. Nikaingia mle jua la utosi, wakati watu hawapiti, nikalichokoa jiwe kwa mtaimbo, nikamwekee kaburini. Nyuma yangu mtu akakohoa, vile wakohoavyo wanaume wakijipanga safu ya swala. Sikugeuka. Kikohozi hicho kimenifuata hadi huku kwenye theluji. Mjukuu wangu husema ni mabomba ya hita. Mimi nimekaa na hita na nimekaa na kikohozi, najua kipi ni kipi.

Akaufuta mstari wa Wazungu. Kisha kwa sauti ndogo:

"Kaburi liko wapi, Bibi?"

"Andika bibi yako alilichukua. Andika na sababu. Pahali usiandike."

"Profesa ataniuliza."

"Mwambie bibi yako hakusoma, ramani haijui."

Hakucheka. Akaandika, nami nimemkalia ubavuni. Alipomaliza nikamwambia anisomee yote upya, polepole, nisikie kama kuna neno limemponyoka.