Anayeuliza Atoe Yake Kwanza

Juzi asubuhi nilikuwa kwenye kaunta ya hoteli ya chai hapa Garissa, nikingoja msafara wa malori ya jeshi kwenda Bura. Kando yangu walisimama abiria wenzangu wawili: msichana wa chuo kikuu aliyeletwa huku kujifunza kazi ya uandishi wa habari, na mhariri anayemsimamia.

Akaingia mfugaji aliyetoka Bura kwa miguu. Mhariri akamdaka mlangoni. "Mzee, njiani kuna shifta?"

"Sijui," mfugaji alijibu, kisha akamgeukia msichana. "Walaal, dada yangu, toa habari. Kwetu mwenye kuuliza anatoa yake kwanza."

Mhariri akagonga saa yake kwa kidole. Msichana akamwinulia kiganja kumtuliza, akaanza taratibu: kwao Nyeri mvua imenyesha, ng'ombe wa mama yake amezaa, na njiani, pale Mwingi, nyasi zimekauka. Mfugaji aliitikia kila jambo, huku akipoza chai kwenye kisahani.

"Sasa yangu," akasema. "Malisho hakuna. Ngamia ni wazima. Na gari yenu isiende leo. Pale kwa lagha iko shimo mpya, mtu amefukia."

Malori yalizuiwa. Wanajeshi walikwenda kwenye ule mkondo mkavu, wakafukua bomu.

Jioni mhariri akampa msichana tathmini yake: "Una bidii, ila kwenye mahojiano unapoteza muda kwa porojo."

"Nimesikia, bwana," akajibu.

Mimi naandika safu hii nikiwa na miguu yangu yote miwili. Porojo ziendelee.