Tatu Juu, Mbili Chini

Mwaka ule Anis alipokuwa darasa la tatu, mama yake, Tuba, alizoea kujua habari za shule kwa kuliangalia daftari la imla. Likitoka mkobani limekunjwa pembe, alama ni saba. Likitoka limekunjwa katikati, ni nne. Lisipotoka kabisa, Tuba hakuuliza kitu mpaka mtoto ale mkate wake na jibini, amalize na chai.

Alama kamili zilikuwa ishirini, na kupita kulitaka kumi. Wala si kwamba binti huyu alikuwa mzito wa akili. Huyu ndiye aliyesoma vibao vyote vya maduka, kutoka nyumbani kwao mpaka sokoni Kashan, kabla hajaanza shule. Tatizo lake lilikuwa nukta. Mwandiko wa lugha yao, wa herufi kama za Kiarabu, unasimama kwa nukta. Mbili zikidondoka, neno linakuwa neno jingine. Anis alikuwa anaandika neno vizuri kabisa, halafu kabla hajalitilia nukta anamwona shomoro dirishani, au anaanza kufikiria kwa nini kofia ya kalamu ina tundu, na akirudi, mwalimu keshasonga mbele.

Siku moja mwalimu alisoma kwamba mtoto mchanga alikunywa shir, yaani maziwa. Anis akasahau nukta tatu za juu, na neno likawa sir, kitunguu saumu. Kitoto cha watu kikanywa kitunguu saumu mbele ya darasa zima. Watoto walicheka mpaka mwalimu akagonga meza, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Anis mwenyewe.

Nyumbani hakuna aliyecheka. Baba yake, Rahmat, alifanya kazi kwenye nyumba ya kutia sufu rangi, mtu mpole mwenye mikono ya bluu mpaka kwenye viwiko, na kwa kawaida hakuingilia mambo ya shule. Lakini baada ya Noruzi, sikukuu ya mwaka mpya, mwalimu alituma barua kwamba mtoto akianguka imla ya mwisho wa mwaka, atarudia darasa. Rahmat aliisoma mara mbili, akaiweka chini ya bilauri ya chai.

"Akirudia, basi," alisema. "Akae kwenye zulia na shangazi yake."

Shangazi mwenyewe, Keshvar, alikuwa amelisubiri neno hilo siku nyingi. Yeye na Tuba walifuma zulia moja, wamekaa bega kwa bega kwenye ubao mmoja, na Keshvar ndiye aliyeshika ramani, ile karatasi ya miraba midogo inayoonyesha kila fundo na rangi yake. Hakuwa na binti. Alikuwa akimwangalia Anis kama mtu anavyoangalia kitambaa kizuri cha jirani.

"Wifi, huyo ana vidole vya dhahabu na akili ya kuku," alimwambia Tuba. "Unamtesa bure. Mlete hapa, atulie."

Tuba akavuta uzi, akafunga fundo jingine. Yeye alitolewa shule darasa la tano akakalishwa kwenye ubao huohuo, na hakuna aliyemuuliza. Zulia hakulichukia. Ila hakutaka Anis naye asiulizwe.

Kwa hiyo akajaribu njia aliyoijua, ile aliyofanyiwa yeye. Kila neno lililokosewa, liandikwe mara kumi. Anis aliandika mara kumi, na kufika mara ya nne nukta zilikuwa zimeshapotea tena, hivyo akawa anajifunza kosa kwa bidii. Tuba alimwambia atulie. Akamwondoa dirishani. Akamkalisha uso kwa ukuta, na mtoto akaanza kuhesabu nyufa.

Njia ya kufaa ilikuja kwa sababu ya koo la Keshvar. Wiki moja ya mwezi wa pili wa machipuo aliamka hana sauti, na bila sauti ramani haisomeki, kwa maana kule msomaji huimba safu na mfumaji humjibu. Anis alikuwa ametoka shule, anazurura. Keshvar akampa karatasi kwa ishara.

"Nyekundu mbili," Anis akaimba, akiiga sauti ya shangazi yake mpaka zile kwikwi zake. "Ganda la kitunguu moja. Ruka nne. Bluu."

"Imekaa," Tuba akajibu, kama inavyojibiwa kila fundo likishafungwa.

Walikwenda hivyo safu sita. Shomoro waliingia wakatoka, muuza chumvi alipita akipiga kelele mlangoni, Anis hakugeuka. Kwenye safu ya saba alinyamaza.

"Mama, hapo umeruka moja. Fumua."

Tuba akaangalia. Kweli. Keshvar naye akainama kuangalia, akashindwa kusema kwa sababu ya koo, na labda ilikuwa bora.

Tuba alifunga mafundo mchana ule mzima akiwaza. Mtoto huyuhuyu hawezi kukaa na mstari mmoja wa imla. Akagundua kwamba kwenye zulia Anis hakai kimya. Anaita, na mtu anamjibu. Sauti yake ndiyo inayomshika mkono. Kwenye imla anaambiwa afunge mdomo, na mdomo ukifungwa akili inatoka kwa mlango mwingine.

Kesho yake alichukua kalamu, akampa Anis kitabu.

"Leo wewe mwalimu. Nisomee, niandike."

Anis alidhani ni mzaha. Alipoona mama kakunja miguu kweli na daftari liko gotini, akasimama wima, akakohoa kama mwalimu wake, akasoma. Tuba aliandika polepole. Mengine alikuwa ameyasahau kabisa. Sauti ya z peke yake ina herufi nne, na neno la chombo cha kulia alilipa isiyo yake. Anis alisahihisha kwa kalamu nyekundu, ulimi nje.

"Kumi na mbili," alitangaza. "Umepita, lakini mama, wewe hujitumi."

"Nisamehe, mwalimu."

"Na nukta za shir ziko wapi? Tatu juu, mbili chini. Mtoto asije akanywa kitunguu saumu."

Tuba akainua kichwa. "Hebu sema tena. Iite kama ramani."

Ndivyo walivyoanza. Mstari mmoja mama aandike, mstari mmoja mtoto. Anayeandika anaita nukta kwa sauti ya zulia, na mwenzake anajibu imekaa. Neno la pamba ni tatu chini, moja juu, moja chini. La jicho ni tatu chini, tatu juu. Mistari mitatu, halafu Anis anaruhusiwa kukimbia mpaka kwenye mkomamanga wa uani na kurudi. Alama za nyumbani zikafika kumi na moja, kumi na tatu, siku moja kumi na saba. Zilikuwepo pia siku za alama tano, akili ya mtoto ikiwa haipo kabisa, na Tuba alijifunza kufunga kitabu siku hizo bila maneno.

Siku ya mtihani Anis alirudi amelia. Mwalimu Adibe, aliyehamia mwaka ule kutoka mji usiofuma, alimsikia akinong'ona katikati ya imla, akadhani anamtajia mwenzake wa benchi, ingawa mkoba ulikuwa umewekwa katikati yao, kama desturi, wasiangaliziane. Alimnyang'anya karatasi. Sifuri.

Tuba hakuwa amewahi kuingia ofisi ya shule. Alijitanda shuka lake jeusi, akamshika mtoto mkono, wakaenda kabla Rahmat hajatoka kazini. Mwalimu alikuwa bado yupo, anapanga karatasi. Alieleza kwa heshima, lakini kwa ufupi, kwamba udanganyifu ni udanganyifu.

"Mwalimu, hakuwa anamtajia mtu," Tuba alisema. "Alikuwa anasoma ramani."

Ikabidi aeleze yote, zulia, koo la wifi, nukta. Mwisho akasema, "Msomee tena, peke yake, somo lolote unalotaka. Akianguka, sitakusumbua tena."

Mwalimu alimtazama, akaangalia saa, akafungua kitabu.

Mistari miwili ya kwanza Anis aliandika amefunga mdomo, maana alishakatazwa. Tuba, kutoka kwenye kiti cha pembeni, aliona nukta zikiachwa moja moja. Aliona macho yanaanza kwenda dirishani. Akaomba radhi, akasema mtoto anaogopa kutoa sauti.

"Toa," mwalimu akamwambia Anis. "Hapa hakuna wa kumtajia."

Akasoma neno linalofuata. Anis akaandika.

"Moja juu, mbili chini," alisema kwa sauti ndogo, kisha akainua uso, akangoja. Mwalimu naye akangoja. Kalamu ikasimama.

"Anataka kuambiwa imekaa," Tuba alinong'ona.

Mwalimu Adibe alisita kama mtu aliyeombwa kuimba hadharani. "Imekaa," akasema.

Kuanzia hapo walikwenda mpaka mwisho wa ukurasa, na kila mara jibu la mwalimu lilikuja upesi zaidi. Ile mistari miwili ya kwanza ilikula alama nne, na moja ilipotea baadaye. Mwalimu akaifuta sifuri, akaandika kumi na tano.

Jioni Rahmat aliishika karatasi kwa ncha za vidole asiichafue. Aliisoma yote, pamoja na maneno yaliyokosewa.

"Haya, darasa la nne," alisema, akamrudishia mtoto.

Keshvar, ambaye sauti yake ilikuwa imepona zamani, aliweka bilauri chini.

"Na mimi nitafuma na nani?"

"Na mimi, wifi," Tuba akamwambia. "Miaka yote hii ulikuwa unafuma na nani?"