Mululusia wa Mama Nafula

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, nyumbani kwetu Kibomet, mjini Kitale, asante ilikuwa kama kunawa mikono: ukiisahau, huli. Likizo moja tulipelekwa Mabanga kwa nyanya yetu, tuliyemwita kukhu. Siku ya pili dadangu mdogo, Nekesa, akashikwa na tumbo. Alijikunja kitandani, jasho likimtoka.

"Kimbia kwa Mama Nafula," kukhu aliniagiza, "uniletee majani ya mululusia. Na usimshukuru. Dawa ikishukuriwa haifanyi kazi."

Mululusia ulisimama kwenye ua wa jirani huyo, kichaka kisichomzidi kimo. Baadaye mwalimu alituambia ni ndugu wa alizeti, nami nikabisha, kwa maana vishada vyake vyeupe ni vidogo mno, nyuki tu ndio huvithamini. Hata hivyo nauheshimu mpaka leo. Jua la Januari haliuui, na kijiti chake ukikichomeka ardhini kama kigingi, kinaota majani.

Mama Nafula alichuma konzi moja, akanipa. Mdomo wangu ukatangulia.

"Asante, mama."

"Aii! Watoto wa Kitale!" Alijipiga paja. "Ati shule imewafundisha kila kitu, kunyamaza tu ndio hamjui. Haya, kamwambie kukhu yako."

Sikumwambia. Kukhu aliponda majani, akayakamua, akamnywesha Nekesa. Akatapika yote. Kufikia saa kumi macho yake yalikuwa yameingia ndani, nami nikaamini nimemuua dadangu. Nikakiri, nikilia.

Kukhu hakunigombeza. Alifunga kitambaa kichwani, akaenda mwenyewe. Alimpita Mama Nafula akichambua maharagwe, wasisalimiane, kama watu waliokosana. Akachuma, akarudi. Safari hii alimnywesha kijiko kimoja kimoja. Jua lilipotua, Nekesa aliomba uji.

Leo nadhani kijiko kilisaidia kuliko kimya. Nilipomwambia Nekesa hivyo, alicheka: "Si uchague moja, bana."

Siwezi. Kwa miaka mingi niliwaona wanawake wale wakiingiliana jikoni bila hodi, wakichukua chumvi au makaa bila neno, nikawaona hawana adabu. Kisha Mama Nafula akafiwa na mumewe. Kukhu alikunja blanketi lake, akahamia kwake wiki nzima. Hakuna aliyemwita, na hakuna aliyemwambia asante.