Mashine ya Shilingi Kumi na Sita

Jumla ilikuwa shilingi kumi na tisa na senti sabini na tano. Mashine ya kunyolea yenyewe shilingi kumi na sita, pakiti mbili za viwembe shilingi mbili, nauli ya lori kwenda na kurudi shilingi moja na senti sabini na tano. Nimehesabu mara mbili. Kilichoharibika sijakiweka kwenye hesabu, maana mpaka leo sijui bei yake.

Wakati huo bado tulikuwa tunalipa kodi kwa Mwingereza, na mimi nilikuwa mchuuzi. Nilishusha maharage na vitunguu kutoka mlimani hadi Same, nikapandisha chumvi na mafuta ya taa. Kwetu ni juu, mwendo wa saa mbili kwa miguu ukiiacha Suji, mahali ambapo ukungu unaingia ndani ya nyumba bila kupiga hodi. Nilikuwa sijafika nyumbani kwa miezi miwili. Nilipofika nilimkuta baba amekaa jikoni, ana ndevu.

Kwa mtu wa kwingine hiyo si habari. Kwetu mwanamume huacha ndevu anapofiwa, na siku matanga yanapoanuliwa ndipo hunyoa. Mzee mwenye ndevu anawatangazia watu kwamba kuna kaburi bichi. Baba hakuwa amefiwa. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, na ule wembe wake wa kukunja, aliounoa kwa ukanda wa ngozi tangu mimi mtoto, ulikuwa umemchana shavu mara tatu. Akauweka juu ya kenchi, hakuugusa tena.

"Mtu akunyoe basi," nilimwambia.

"Kichwa ataninyoa yeyote," alisema. "Ndevu zangu zitaguswa na mkono wa mwingine siku mtakayoniosha."

Hiyo nayo ni desturi yetu, na hakuwa mtu wa kuivunja. Kwa hiyo alijifungia ndani. Kanisani haendi, mnadani haendi. Mama mmoja wa ng'ambo ya bonde aliposikia ana ndevu, alikuja na kikapu cha mahindi, akaketi, akalia kidogo, kisha akamnong'oneza mama yangu: "Samahani mwenzangu, tunamlilia nani?"

Tulicheka, lakini zilikuwa zimebaki siku tisa tu kabla dada yangu, kitinda mimba, hajaolewa. Baba ndiye aliyetakiwa amshike mkono na kumkabidhi mbele ya watu. Alisema waziwazi: kwenye harusi ya mwanawe hatasimama na ndevu za msiba. Kama hakuna njia, baba mdogo asimame badala yake. Dada alisikia hayo akiwa anapepeta maharage. Aliendelea kupepeta, ungo umebaki mtupu.

Mimi nilikuwa nimeziona zile mashine Same. Kiwembe chembamba chenye makali pande mbili kinabanwa katikati ya vibati viwili, kinachungulia kidogo tu, hata mkono ukiyumba hakichimbi nyama. Mtu anaweza kujinyoa mwenyewe hata akiwa na homa. Nikamwambia baba atanyoa kwa mkono wake mwenyewe.

"Lete nzuri," alisema. "Usiniletee bati."

Duka kubwa la pale Same lilikuwa na mashine mpya moja ya maana, ndani ya kisanduku chenye kitambaa chekundu. Ukizungusha kitako cha mpini, kichwa kinafunguka kama madirisha mawili, unadondosha kiwembe, unazungusha tena, kimefunga. Muuza duka, Mhindi mmoja mzee, alinijua vizuri kupita nilivyopenda.

"Leo unanunua, au umekuja kushikashika vitu?"

"Bei gani?"

"Thelathini na mbili."

"Bwana, nanyoa ndevu, sinunui ng'ombe."

"Ng'ombe atakunyoa?"

Tulikwenda hivyo mpaka jua likasogea mlangoni. Aliishia ishirini na sita, akakunja mikono kifuani, nami nikajua hapo pameisha. Niliulowesha mpini kwa mate nikaushika: ulikuwa mwembamba, unateleza. Nikamwomba mzani wake wa sukari.

"Sasa unataka kuinunua kwa ratili?"

Lakini alinipa. Ilikuwa nyepesi. Nilimwambia aniwekee, nina mahali pengine pa kuangalia. Akasema mahali pengine hakuna. Lakini palikuwapo. Niliondoka bila kuaga.

Mpishi mmoja, mtu wa Pwani, alikuwa akifanya kazi kwa meneja wa shamba la mkonge huko bondeni, na sasa alikuwa amepanga chumba nyuma ya soko akisubiri treni ya kurudi kwao Tanga. Alikuwa akiuza vitu vidogovidogo: vikombe, kofia, mkanda. Na mashine ya kunyolea. Ilikuwa ya zamani, ya vipande vitatu, imepakwa dhahabu iliyofutika pale kidole gumba kinapokaa. Mpini mnene, umechorwa mistari ya kukatana ili usiteleze. Ukiishika unajua umeshika kitu. Mpishi akanikopesha kioo na sabuni, nikajinyoa mle chumbani huku nikiutetemesha mkono kwa makusudi, kama mkono wa baba. Haikunikata hata mara moja. Uzito wake wenyewe ulikuwa unashuka na shavu, mimi naiongoza tu. Nikanyoa tena upande uleule kuhakikisha.

Nataka hili lieleweke: sikuchagua vibaya. Ile mpya ilikuwa rahisi kufungua, lakini kwa mkono unaotetemeka na kulowa, hii ya zamani ilikuwa bora. Ningekuwa tajiri ningeichagua hiyohiyo.

"Thelathini," mpishi alisema.

"Ya nani hii?"

"Ya bwana wangu. Homa imemchukua mwezi uliopita. Bibi akaniachia vitu vya bafuni."

"Ya marehemu!" Nikaiweka chini kana kwamba imeniunguza. "Kaka, kwetu kitu hiki hakuna wa kukigusa. Wembe wa maiti unatupwa."

"Kwetu ni urithi."

"Basi utapata mrithi, mnunuzi hupati. Nani hapa Same atakupa thelathini?"

Alishuka hadi ishirini na nne. Hapo nikauliza lile swali, si kwa sababu nilitaka jibu, bali kwa sababu niliona linaweza kuishusha zaidi.

"Na siku ya mwisho, alinyolewa nayo?"

Mpishi aliangalia mlango. "Nilimnyoa mimi. Bibi alitaka aende akiwa msafi."

Jibu hilo lilinipa shilingi nane. Tukaafikiana kumi na sita. Nilihesabu noti na sarafu mara mbili mkononi mwake, nikaondoka nimefurahi kama mtu aliyeokota. Njiani niliiosha kwa maji ya moto kwenye hoteli ya chai, kisha nikaiosha tena. Nilijiambia Mzungu hana matanga yetu. Nilijiambia baba hatauliza.

Baba yangu! Mtu aliyenunua na kuuza mbuzi kwenye mnada wa Kisiwani kwa miaka thelathini. Mtu ambaye muuzaji akishusha bei mara ya pili, aliacha kuongea naye na kuanza kumshika mbuzi miguu, mmoja mmoja, akitafuta kasoro. Mimi nilijifunza biashara kwa kumfuata nyuma. Sijui niliwezaje kudhani hatauliza.

Nilifika nyumbani siku moja kabla ya harusi, asubuhi. Ukungu ulikuwa umepanda, jua limetoka. Wanawake walikuwa wanachagua mahindi ya makande uani. Baba akatoka na kigoda, akaegemeza kioo dirishani, akaishika ile mashine na kuigeuzageuza. Nilimwona akiipima kwa kiganja.

"Hii ndiyo mashine," alisema.

Akajipaka povu, akaanza na shavu la kulia. Mkono ulitetemeka, mashine haikujali. Ngozi yake ikatokea kidogo kidogo, imepauka, kama ukuta uliobanduliwa picha. Jirani akapita njiani: "Shikamoo mzee! Leo unang'aa!"

"Marahaba. Subiri upande wa pili, utafumba macho."

Dada alitoka jikoni, akasimama anamtazama, mikono ina unga. Sijawahi kuona mtu akifurahia ndevu zinavyoanguka kama alivyofurahia yeye. Baba alimaliza shavu la kulia, akafika kidevuni, akasuuza mashine ndani ya karai.

"Umeitolea ngapi?"

"Kumi na sita."

"Alianzia wapi?"

"Thelathini."

Akacheka. Kilikuwa kicheko cha kunisifu. Kisha kicheko kikakatika, na nikaona midomo yake inahesabu.

"Mtu hashuki shilingi kumi na nne bure. Ina nini?"

"Haina kitu, baba. Nzima kabisa."

"Ina nini?"

Nimewadanganya wauzaji wengi, na wanunuzi zaidi. Lakini alikuwa amenigeuzia uso, nusu safi, nusu ina povu, na anangoja.

"Ilikuwa ya Mzungu wa shamba la mkonge."

"Amerudi kwao?"

"Amekufa."

"Na alipokufa, walimnyolea nini?"

Nikaitazama mashine. Wanawake waliacha kuchagua mahindi.

"Ulijua kabla ya kulipa, au baada?"

"Kabla," nilisema. "Ndivyo nilivyompunguza bei."

Hakupiga kelele. Aliiweka mashine juu ya kigoda, akafuta povu la shavu la kushoto kwa kanga ya mama, na ndevu zikabaki pale. Akanawa mikono, akanawa tena, akaingia ndani.

Mama alimfuata na ule wembe wa zamani. Baba akajaribu kuushika, tulisikia ukianguka sakafuni. Nilimwambia kupitia mlangoni kwamba nitamnyoa mimi, upande mmoja tu, hata asiangalie. "Siku yangu bado," alijibu. Nikasema nitashuka Same nilete ile ya dukani. Lori lilikuwa limeshaondoka, na kwa miguu kwenda na kurudi ningemkuta bibi harusi ameshafika kwa mumewe. Isitoshe, mfukoni nilikuwa na shilingi nne na senti ishirini na tano. Nilizihesabu hata hivyo.

Baba mdogo ndiye aliyesimama. Watu walipouliza, tulisema mzee anaumwa. Dada aliingia chumbani kumuaga baba na alikaa muda mrefu hadi waimbaji wakarudia wimbo mmoja mara tatu. Alipotoka alisema tu kwamba baba alikuwa amejifunika blanketi hadi puani, na kwamba alimwekea mkono mmoja kichwani. Ule mwingine ulikuwa umeshikilia blanketi.

Miezi kadhaa baadaye, nilipokwenda kumsalimu kwa mume wake, aliniambia jambo ambalo natamani asingeniambia. Alikuwa na shilingi kumi alizoweka kwa kuuza mikeka. "Ungeniambia ile nyingine ni ishirini na sita," alisema, "ningekuongezea." Kumi na sita na kumi ni ishirini na sita. Nilihesabu mara mbili njia nzima ya kurudi.

Baba alikufa masika yaliyofuata. Upande wa kulia ulikuwa umeota, lakini haukuwahi kuufikia wa kushoto. Mimi ndiye niliyemnyoa, maana siku yake ilikuwa imefika. Nilitumia mashine ileile, kwa kuwa ilikuwa tayari ya wafu na hakuna wembe wa mtu hai uliopaswa kupotea. Ilishuka na shavu lake vizuri sana. Hakukuwa na mkono unaotetemeka isipokuwa wangu.

Tulipomaliza, baba mdogo akaniamuru: "Katupe korongoni." Nilikwenda. Nilisimama ukingoni, mvua inanyesha, nikafikiri shilingi kumi na sita. Nikaokota jiwe nikalitupa, likagonga miamba mara kadhaa, mlio mzuri wa kusikika nyumbani. Nikarudi nikasema nimetupa.

Bado ninayo. Imekaa ndani ya kopo la chenji kwenye kibanda changu hapa Same, imeviringwa kitambaa. Sijanyolea nayo hata siku moja. Wiki iliyopita karani mmoja wa stesheni, kijana wa Ugweno, wenye desturi kama zetu, mpole, alikuwa akingoja chenji, akaiona. Akaifungua, akaipima kwa kiganja, kama baba. Akataja shilingi ishirini na tano papo hapo, bila kuulizwa. Mtu asiyejua kununua kabisa.

"Ilikuwa ya nani?" akauliza.

"Ya baba yangu," nikasema, na huo haukuwa uongo.

"Anaendeleaje mzee?"

Nikamwambia aje Jumamosi, akilipwa mshahara.

Nikinyamaza, napata ishirini na tano, na faida ya shilingi tisa. Nikisema, ataiweka chini kama nilivyoiweka mimi kwa mpishi, isipokuwa yeye hataigiza. Nikienda kuitupa korongoni, mlio utasikika nyumbani, na itabidi nimweleze baba mdogo nilitupa nini mara ya kwanza. Yeye bado yuko hai na kila tukikutana hunisifu kwamba mazishi yale niliyafanya kwa utaratibu. Nawaomba ushauri ninyi mnaosoma, hasa wenye wazee wao nyumbani, na naomba unifikie kabla ya Jumamosi: huyu kijana nimwambie nini?