Baiskeli Mbele ya Posta

Mama alipohamia kwangu Rumonge, kando ya ziwa, baada ya baba kufariki, alikuja na vitu vichache kutoka Buyenzi, mtaani kwao Bujumbura: godoro, mikeka, masufuria mawili ambayo hakutaka kumwachia mtu, na picha ya posta ya Bujumbura. Ilikuwa picha ya zamani, nyeusi na nyeupe, iliyokatwa kwenye kalenda wakati mji ule ukiitwa bado Usumbura. Baba alianza kazi posta hapo akiwa kijana. Alikuwa fakteri, mpeleka barua, na picha ile ilitundikwa juu ya kitanda chao tangu kabla sijazaliwa.

Tulipoifungua tukakuta mchwa wameshakula upande mmoja. Lilibaki paa, madirisha ya juu, kipande cha barabara na miti yake. Mlango na ngazi vilikuwa vimekwenda. Mama aliitazama, akaifunga tena katika kitenge, akasema, "Basi."

Siku zile hakuwa na maneno. Ukimuuliza kama amelala vizuri, anajibu ndiyo. Ukimwekea wali na samaki wa mukeke, anakula matonge mawili na kusema ameshiba. Alikaa uani kutwa nzima, ameligeuzia ziwa mgongo, na mimi nikirudi sokoni na makarai yangu ya ndagala, dagaa wa ziwani, namkuta palepale.

Chini kule zinakofikia boti za samaki kulikuwa na mchoraji, Mkongomani wa mji wa Baraka, ng'ambo ya ziwa. Ndiye anayeandika majina ubavuni mwa boti na kuchora vichwa vilivyosukwa kwenye vibao vya saluni. Nilimpelekea picha, nikamuuliza kama anaweza kuitoa upya, kubwa, kwa rangi. Akaigeuzageuza.

"Hii nusu nitaweza, dada. Hii ingine imekufa. Nani aliiona?"

"Mama yangu."

"Basi nije kwenu."

Akaja na ubao mpana, akauegemeza ukutani uani. Aliichora picha miraba midogo kwa penseli, akauchora ubao miraba mikubwa kwa makaa, akawa anahamisha mraba mmoja mmoja: pembe ya paa hapa, dirisha pale. Mama hakumtazama. Alipofika sehemu iliyoliwa, mchoraji aliweka penseli chini.

"Bibi, samahani. Huu mulango ulikuwa rangi gani?"

"Sijui," mama akasema.

Akaupaka bluu, akaenda zake. Kesho yake asubuhi, kabla mchoraji hajafungua makopo ya rangi, mama akasema bila kugeuka, "Si bluu, mwanangu. Ilikuwa kijani. Kama jani la mugomba likiwa bichi."

Mikono yangu ikasimama ndani ya karai. Nilikuwa sijamsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mfululizo tangu matanga.

"Murakoze, asante, Bibi. Na ngazi?"

"Ngazi zilikuwa pana. Mimi nilikuwa nakaa ile ya chini, kwenye kivuli."

Mchoraji aliendelea kuchanganya rangi, hakumharakisha. Mama akavuta kiti karibu. Akaeleza kwamba alipokuwa bibi harusi mpya, kila mchana alitoka Buyenzi kwa miguu na chakula cha baba, kimefungwa kwenye kitambaa. Kuingia ndani aliona haya, wanaume wamejaa. Kwa hiyo alitazama baiskeli ya baba. Ikiwa imeegemea ukuta kando ya ngazi, baba yumo, atatoka. Ikiwa haipo, bado yuko mjini na barua za watu.

"Ukiikosa ulirudi nyumbani?" nikamuuliza.

"Nirudi na chakula chake? Nilingoja. Akinikuta nangoja, alikuwa anapiga kengele toka mbali, watu wote wanageuka. Nilikuwa namkasirikia!" Na akacheka.

Mimi niliwajua kama wazee wanaogombana kila jioni juu ya sauti ya redio. Sikuwahi kumwona msichana huyu wa ngazini, wala yule kijana wa kengele.

Mchoraji akauliza kama amchore mzee mlangoni, amevaa sare. Mama akatikisa kichwa.

"Hapana. Sura yake utaikosea, na mimi nitakukasirikia bure. Weka baiskeli."

Kwa baiskeli ile mchoraji alihangaika. Mara magurudumu makubwa, mara usukani umepinda. Mwishowe alitoka barabarani akamsimamisha muuza mawese, akamwomba baiskeli yake, akaiingiza uani na madumu yake yote, akaiegemeza ukutani. Mama akasimamia kazi. Akataka kiti cha ngozi, mfuko wa barua nyuma, na kamba ya mpira iliyofungia mfuko. Muuza mawese naye akakaa kwenye mkeka, akanywa chai, akatoa maoni yake kuhusu breki.

Siku ilipokwisha, mama alisimama mbele ya ubao akanyoosha mkono.

"Bado mbichi, Bibi."

"Najua." Aliuacha mkono hewani, karibu na usukani, macho yakamjaa. Nilitaka kumshika, kisha nikaona afadhali nimwache. Alijifuta kwa ncha ya mtandio, akaagiza kiti chake kigeuzwe kilitazame ziwa. Nikiwa jikoni nikasikia anamuuliza mchoraji kuhusu kwao, upande wa pili wa maji.

"Posta ya kwetu sikuijua, Bibi. Nakumbuka hospitali, pale nilizaliwa. Ilikuwa na baraza ndefu."

"Uko na picha yake?"

"Hapana. Tulitoka mbio."

"Basi nieleze mimi. Kaa chini kwanza."

Akakaa. Alianza polepole, akitafuta maneno, na mama akawa anaitikia, "Enhe, enhe." Nikaongeza mukeke mwingine kwenye mafuta, maana nilijua hawatamaliza mapema.