Mkono Uliofika Sikioni

Miaka ile ya Hali ya Hatari baba yangu alikuwa kizuizini, na sisi tulikuwa tumetolewa shambani kwetu tukapangwa kijijini, upande wa Karurumo, nyumba zimebanana na mtaro umezunguka. Filimbi ikilia asubuhi, akina mama wote walitoka kwenda kazi ya lazima, na watoto wakabaki peke yao. Siku moja mtoto wa jirani alitumbukia mtaroni akavunjika mguu. Ndipo serikali ikajenga nasari.

Haikuwa nasari kama hizi za wajukuu wangu, zenye picha ukutani. Ilikuwa nyumba ya udongo, ua wa fito na mikeka mitatu. Serikali ilileta maziwa ya unga na unga wa uji, ikamlipa mwalimu, mama mmoja mnene wa kwetu aliyekuwa amesoma kidogo misheni. Walisema ni ya watoto ambao baba zao wamefungwa, wasife njaa. Walitutoa kwetu, halafu wakatupa uji. Basi, uji niliunywa.

Lakini kuingia kwenyewe hakukuwa rahisi. Siku zile hakuna aliyejua miaka ya mtoto. Ulipitisha mkono juu ya kichwa ushike sikio la upande wa pili. Ukifika, wewe ni wa shule. Usipofika, wewe ni wa nasari. Mdogo wangu alikuwa mbali kabisa na sikio. Mimi mkono wangu ulikuwa unafika, tena vizuri. Na shule ya misheni haikuchukua mtoto wa mtu aliyefungwa mpaka chifu aandike barua, na chifu kwetu hakuandika.

Mama akanifundisha siku moja kabla ya kwenda.

"Inua shingo, kama kuku amesikia mwewe. Sasa bonyeza bega chini."

"Mama, huo si uongo?"

"Uongo ni wa mdomo. Wewe umesema nini?"

Nilipofika mbele ya mwalimu nikainua shingo mpaka ikauma. Vidole vikaishia juu ya sikio. Mwalimu alinitazama, akatazama bega langu, akaona kila kitu. Akasema, "Kaa hapo kwenye mkeka, karibu na mdogo wako."

Wasichana wa rika langu waliokuwa wakibeba udongo na mama zao walinichekelea kwenye ua. "Mama mzima! Umekuja kunyonya?" Nilikuwa najifunza a, e, i, kwa kidole mchangani, na mwalimu alikuwa akinishika mkono kuzungusha ile a, kwa sababu yangu ilikataa kufunga.

Nilikaa wiki tatu, labda nne.

Kisha akaja mama wa Kizungu wa kukagua, pamoja na karani wake wa kutafsiri. Mwalimu alitaka tuonekane watoto wenye furaha, akatusimamisha tucheze. "Shika pua!" Tukashika. "Shika goti!" Tukashika. Watoto walikuwa wanacheka, na mimi nilicheka kuliko wote, maana nilikuwa wa kwanza kila mara. Nafikiri hata mwalimu alijisahau kwa ile furaha. Akasema, "Shika sikio la ng'ambo!"

Mikono ya wenzangu ikaanguka kwenye vipaji vya nyuso. Mimi nililishika sikio langu lote, nikalivuta, nikamwangalia yule mgeni anisifu.

Mzungu akacheka kweli. Akamwambia karani maneno mawili matatu.

"Anasema huyu ni wa shule," karani akasema.

"Shule gani?" mwalimu akauliza, polepole.

Hilo karani hakulitafsiri. Alinionyesha mlango kwa kidevu.

Kesho yake nilikuwa mtaroni nabeba udongo kwa kikapu. Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nilikuwa nimemaliza zile herufi, nikamwambia nilifika o. Akasema, "Ilibaki moja?" akaendelea kuchimba.

Siku ya pili, nikipita na kikapu, mwalimu alikuja mpaka kwenye ua.

"Wewe msichana. Yule mgeni ameenda, hatarudi mwezi huu. Njoo ukae mlangoni usikilize."

Wale wasichana walikuwa nyuma yangu. Nikasikia mmoja ameanza kucheka kabla sijafungua mdomo.

"Nina kazi," nikasema.

"Haya," mwalimu akasema. Akageuka, mtoto mmoja akawa anamvuta leso.

Hata hatua kumi sikuwa nimepiga nikaanza kujuta. Siku iliyofuata nilipita karibu kabisa na ule ua, kikapu nikakitua, nikajifanya nafunga kamba. Alikuwa ndani akifundisha, nasikia sauti. Siku nyingine nikakohoa. Nilifanya hivyo mpaka mvua ikaanza, mpaka wale wasichana wakachoka kunicheka, na baadaye watu wakaruhusiwa kurudi mashambani na sisi tukafunga mizigo. Kama angeniita tena ningetupa kile kikapu mtaroni.

Hakuniita. Simlaumu. Alikuwa ameshaniuliza, na mimi nilikuwa nimeshajibu.